Kasoro Ndogo kwenye Madirisha Mapya ya Alumini: Kukagua, Kutengeneza na Makosa ya Kuepuka

Mikwaruzo ya kioo, madoa ya saruji kwenye fremu, vidoti vya kutu visivyofutika, raba iliyochomoka, tairi zinazogoma na maji yanayolala kwenye reli: hayo ndiyo malalamiko ya kawaida juu ya madirisha ya alumini ambayo hayajamaliza hata mwaka. Sehemu kubwa ya kasoro hizo hutengenezeka kwa gharama ndogo, na baadhi hazihitaji fundi kabisa. Tatizo ni kwamba dirisha jipya mara nyingi huumizwa mara mbili. Kwanza ni ajali ya ujenzi, kisha ni dawa inayotumiwa kuondoa madhara ya ajali hiyo: kiwembe kikavu, asidi ya vigae, thina, msasa. Madhara ya awamu hii ya pili ndiyo magumu zaidi kurekebisha.

Maelezo haya yanahusu dirisha la kusukuma la alumini lenye kioo cha milimita 5 au 6 na wavu wa mbu, aina iliyozoeleka katika nyumba mpya za Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza, Nairobi na Mombasa.

Kukagua kabla ya kufuta

Mwenye nyumba akiona kioo kina vumbi hukimbilia kitambaa. Vumbi la ujenzi lina mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko kioo: kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kioo cha kawaida kiko karibu na 5.5, na chembe za kwatzi zilizomo kwenye mchanga ziko 7. Kitambaa kikavu huziburuta chembe hizo juu ya kioo na kuacha mikwaruzo ya duara ambayo huonekana jioni jua linapoingia kwa ubavu. Wengi humlaumu fundi wa alumini kwa mikwaruzo iliyoletwa na usafi wa siku ya kuhamia.

Utaratibu salama ni huu:

1. Kumwagia maji mengi kuanzia juu, kwa mpira au kwa ndoo na kopo, bila kusugua, mpaka maji yanayochuruzika yawe safi.
2. Kuosha kwa sabuni ya maji ya vyombo na sponji laini au kitambaa cha fulana kuukuu, kikisuuzwa mara kwa mara kwenye ndoo nyingine.
3. Kukausha, kisha kutazama kioo mchana kutoka ndani, kwa umbali wa mita 2 hadi 3, jua likiwa halipigi kioo moja kwa moja.
4. Kupitisha ukucha juu ya kila mkwaruzo ulioonekana. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Ukiteleza, ni wa juu juu.
5. Kufungua na kufunga kila dirisha mara kadhaa, kufunga kitasa, na kuvuta wavu mpaka mwisho.
6. Kupiga picha ya kila kasoro, sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa, na kuandika jina la chumba na tarehe.

Umbali wa mita 2 au 3 huwakera baadhi ya wenye nyumba, kwa kuwa wamelipia kioo kizima na si kioo cha kutazamwa kwa mbali. Lakini hiyo ndiyo desturi ya ukaguzi katika biashara ya vioo, na ina maana: hakuna kioo kisicho na kidoti hata kimoja. Fundi anayeonyeshwa mkwaruzo unaoonekana waziwazi kutoka kwenye kochi hana pa kukimbilia. Anayeonyeshwa unaotafutwa kwa tochi ana haki ya kubisha.

Plastiki ya kinga

Fremu nyingi huletwa zikiwa na plastiki nyembamba iliyobandikwa, nyeupe, ya buluu au yenye maandishi. Wapo wanaoiacha makusudi mpaka nyumba ikamilike, na wengine mpaka wahamie, ili fremu ibaki mpya. Jua la miezi kadhaa huoka gundi yake, plastiki hukauka na kukatika vipande vidogo kila inapovutwa. Inafaa kuondolewa mara lipu na rangi ya kuta zinapomalizika.

Ikiwa imeshakauka, kitambaa kilicholowa maji ya moto huwekwa juu yake kwa dakika 10 hivi, kisha plastiki huvutwa taratibu kwa pembe. Gundi inayobaki hulainishwa kwa mafuta ya kupikia, ikaachwa ilegee, ikapanguswa, kisha fremu ikaoshwa kwa sabuni. Kisu hakihitajiki. Petroli na thina havifai hata kidogo, kwa sababu hulainisha rangi ya unga iliyookwa juu ya alumini na kuiacha na mabaka yasiyong'aa.

Saruji na rangi

Saruji mbichi ni kali kuliko wengi wanavyodhani. Maji yake yana alkali ya juu, pH ya 12 hadi 13, na alumini haivumilii alkali ya kiwango hicho. Tone la lipu likikaa kwenye fremu siku chache hula ngozi ya juu na kuacha baka jeupe. Baka hilo si uchafu tena. Ni chuma chenyewe kilicholiwa, na hakuna sabuni itakayokirudisha. Kwa hiyo saruji huoshwa siku ileile, ikiwezekana saa ileile.

Saruji iliyokwisha kukauka:

- Hulowanishwa kwa vitambaa vyenye maji kwa nusu saa au zaidi, na kurudiwa mpaka ilegee.
- Hubanduliwa kwa kipande cha mti laini au kadi ngumu ya plastiki, kwa kusukuma kutoka pembeni na si kwa kukwaruza juu.
- Ukungu mweupe unaobaki kwenye kioo peke yake hupanguswa kwa siki iliyochanganywa na maji, fremu ikiwa imezibwa kwa tepu ya karatasi, kisha kioo husuuzwa vizuri.

Asidi ya kusafishia vigae isiwe karibu na dirisha. Inaondoa saruji upesi, na hapo ndipo ushawishi wake ulipo, lakini inakula alumini na kuchafua rangi ya fremu. Hata pale fundi wa vigae anapoitumia sakafuni chumba kikiwa kimefungwa, mvuke wake hufika kwenye fremu, kwa hiyo madirisha yaachwe wazi na reli zimwagiwe maji baada ya kazi.

Rangi ya maji hutoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kama haijamaliza siku nyingi. Rangi ya mafuta iliyokauka kwenye kioo ndiyo pekee inayohitaji kiwembe, na kiwembe kina masharti yake: kiwe kipya, kioo kiwe kimelowa sabuni muda wote, kilazwe karibu kulala kabisa, na kisukumwe upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Kisitumike kwenye kioo kilichobandikwa karatasi ya giza, wala kwenye kioo kilichoimarishwa kwa moto, ambacho hutambulika kwa muhuri mdogo wa kudumu kwenye kona. Uso wa kioo cha namna hiyo unaweza kuwa na vichembe vidogo vilivyogandia tanurini, na kiwembe huving'oa na kuviburuta. Kwenye fremu, tone la rangi ya mafuta hujaribiwa kwa spiriti kwanza mahali pasipoonekana.

Cheche za kuchomelea na za grainda

Hii ndiyo ajali inayostahili kuogopwa kuliko zote, kwa kuwa haionekani siku inapotokea. Nyumba imekwisha kufungwa vioo, kisha mwenye nyumba anakumbuka kuongeza nondo za usalama, au reli ya ngazi, au kurekebisha geti lililo karibu na ukuta. Fundi wa kuchomelea anakata vyuma kwa grainda. Cheche zake ni chembe za chuma zenye joto kali zinazoruka mita kadhaa, na zikigonga kioo huyeyusha nukta ndogo na kujizika humo. Jioni kioo kinaonekana kina vumbi la kawaida. Siku chache baadaye, baada ya umande au mvua, kila chembe inageuka kidoti cha kahawia. Mkono ukipitishwa juu yake, kioo kinakwaruza kama ulimi wa paka.

Kwenye fremu hali ni hiyohiyo, na hapo huzuka malalamiko kwamba alumini inapata kutu. Alumini haitoi kutu ya kahawia. Ikiliwa, hutoa unga mweupe. Fremu yenye vidoti vya kahawia imebeba chuma kutoka mahali pengine, ama cheche za grainda, ama skrubu za chuma cha kawaida, ama mabaki ya stilwaya ya sufuria iliyotumiwa kusugulia. Ni busara mwenye nyumba akalijua hili kabla hajampigia simu fundi wa alumini kwa hasira.

Hatua zinazosaidia:

- Cheche zikigundulika siku ileile, fremu na kioo vimwagiwe maji mengi kabla unyevu wa usiku haujaanza kutengeneza kutu.
- Vidoti vilivyo juu ya fremu visuguliwe kwa sponji ya plastiki na sabuni. Stilwaya huongeza chuma kingine juu ya kile kilichopo.
- Kwenye kioo cha kawaida, kiwembe kipya na maji ya sabuni huondoa kichwa cha chembe. Siki hupunguza rangi ya kutu. Shimo dogo lililochimbwa litabaki.
- Vidoti vikiwa vingi kwenye eneo la macho, kioo kibadilishwe. Hakuna dawa ya dukani inayojaza mashimo hayo.

Kinga ni kupanga kazi: vyuma vyote vichomelewe na kupakwa rangi kwanza, vioo vifuate. Pale isipowezekana, dirisha lifunikwe kwa ubao au bati, pande zote mbili ikiwa kazi inafanyika ndani na nje. Karatasi ya nailoni haitoshi, maana cheche hutoboa na kupita. Maboksi makavu ni hatari zaidi kwa sababu yanashika moto.

Mikwaruzo kwenye kioo

Mkwaruzo ambao ukucha unateleza juu yake unaweza kupunguzwa kwa oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia vioo unaouzwa kwenye baadhi ya maduka ya vioo na ya vifaa vya magari. Unga huchanganywa na maji uwe uji mzito, ukasuguliwa kwa kipande cha felti (kitambaa kizito cha sufu) kwa mizunguko midogo, kioo kikiwa kibichi muda wote. Kazi ni ya polepole. Anayetumia mashine anapaswa kushika kioo kwa kiganja kila baada ya muda mfupi, na kikianza kuwa cha moto asimame, kwa sababu joto la sehemu moja hupasua kioo kizima.

Swali linaloulizwa kila mara ni kama dawa ya meno inafaa. Inasafisha alama za mafuta na kufanya mkwaruzo mwembamba usionekane kwa siku mbili tatu. Haiondoi mkwaruzo.

Mkwaruzo unaokamata ukucha hauna tiba ya nyumbani. Kuuchimba mpaka uishe kunaacha bonde kwenye kioo, na mti ulio nje unaonekana umepinda kila mtu anapopita. Kwa kioo cha milimita 5 cha kawaida, kubadilisha kipande ni kazi ndogo kwa fundi mwenye kioo tayari, na mara nyingi ndiyo njia iliyo rahisi zaidi.

Mikwaruzo kwenye fremu

Hapa kwanza ijulikane fremu imepakwa nini. Fremu nyeupe, nyeusi, ya kijivu au ya rangi ya mbao kwa kawaida ina rangi ya unga iliyookwa, yenye unene wa maikromita 60 hadi 80 hivi. Fremu ya rangi ya fedha au shaba inayoonyesha chuma chenyewe huwa imetibiwa kwa umeme, na ngozi yake ni nyembamba zaidi.

Kwa rangi ya unga, mkwaruzo usiofika kwenye chuma hufifia kwa nta ya kung'arishia magari. Uliofika kwenye chuma husafishwa kwa spiriti, ukajazwa kwa rangi ya kurekebishia kwa ncha ya brashi ndogo au kijiti, tabaka jembamba, kisha jingine likikauka. Namba ya rangi iulizwe kwa aliyeuza alumini, kwa maana nyeupe zipo nyingi na mabaka ya nyeupe mbili tofauti yanaudhi kuliko mkwaruzo wenyewe. Rangi ya kopo la kupuliza husambaa kwenye raba, kioo na ukuta, na kwa mkwaruzo wa sentimita 3 haina sababu.

Fremu ya rangi ya fedha haina matengenezo ya kweli ya mkwaruzo wa kina. Kipande chenye mkwaruzo mbaya mahali pa wazi kidaiwe kibadilishwe kabla ya malipo ya mwisho.

Kioo kilichomeguka au chenye ufa

Ufa hautengenezwi. Unaweza kukaa wiki mbili bila kusogea kisha ukakimbia mpaka upande wa pili kwa mchana mmoja wa jua kali. Silikoni juu ya ufa huzuia maji kwa muda tu. Mpaka kioo kipya kifike, tepu ngumu ibandikwe kufuata ufa pande zote mbili, dirisha lisisukumwe, na watoto wasicheze karibu.

Kabla ya kukitoa, ufa usomwe na upigwe picha, kwa sababu unaeleza ulikotoka:

- Ufa unaoanzia ukingoni kwa pembe mraba kisha ukapinda kuelekea katikati hutokana na joto. Huwapata zaidi wenye vioo vya giza, vinavyonyonya jua, hasa nusu ya kioo ikiwa kivulini mwa ukuta au nyuma ya pazia zito.
- Ufa wenye kitovu, mistari ikitawanyika kama nyota, ni wa kugongwa: jiwe, ngazi, ubao wa jukwaa la rangi.
- Ufa unaoanzia kwenye kona, jirani na skrubu au mahali kioo kinapogusa chuma, huelekeza kwenye ufungaji. Kioo hakitakiwi kukaa juu ya alumini tupu. Hukaa juu ya vipande vidogo vya mpira au plastiki, kikiwa na nafasi ya kutanuka pande zote.

Kimeguko kidogo kwenye ukingo, kilichofichwa na raba, huonekana si kitu. Lakini ufa wa joto hupenda kuanzia hapo hapo, kwa hiyo kiandikwe kwenye orodha ya kasoro hata kama hakionekani kutoka kitini. Kwa kioo kilichoimarishwa kwa moto shauri ni fupi: hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi baada ya kutoka tanurini. Chenye jeraha la ukingoni au mkwaruzo mzito kibadilishwe, maana kikivunjika kinasambaratika chote kwa mara moja kuwa punje.

Maji ya mvua yanayoingia ndani

Masika yanapoanza, hasa kwenye kuta zinazotazama upepo wa kusi, simu kwa mafundi wa alumini huongezeka. Na tiba inayotolewa karibu kila mahali ni ileile: silikoni zaidi. Mara nyingi hiyo silikoni ndiyo chanzo.

Dirisha la kusukuma halikusudiwi kuzuia kila tone. Maji huruhusiwa kuingia kwenye reli ya chini, kisha hutoka nje kupitia matundu madogo yaliyotobolewa upande wa nje wa fremu, kwa kawaida mawili au zaidi, yenye umbo la mfereji mwembamba. Fundi wa lipu huyaziba kwa saruji. Fundi wa rangi huyaziba kwa rangi. Kisha anakuja mtu mwenye bomba la silikoni, anaona tundu linatoa maji, na anadhani amepata mahali panapovuja. Baada ya hapo reli inajaa kama hori, na upepo ukisukuma, maji yanamwagika sebuleni.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuyatafuta matundu hayo na kuyazibua kwa kijiti cha meno au waya mwembamba, kuondoa mchanga kwenye reli kwa mswaki kuukuu, kisha kumwaga kikombe cha maji kwenye reli na kutazama nje. Maji yatoke ndani ya muda mfupi. Ikiwa fremu haina matundu kabisa, hiyo ni kasoro ya utengenezaji na fundi aitwe ayatoboe.

Matundu yakiwa wazi na maji bado yanaingia, chanzo hutafutwa kwa mpira wa maji. Mtu mmoja anakuwa nje, mwingine ndani na tochi. Maji yaelekezwe kwanza chini ya dirisha tu kwa dakika 5, kisha ubavu wa kushoto, wa kulia, na juu mwishoni. Anayeanzia juu hulowanisha kila kitu na hajui kitu. Mahali maji yanapojitokeza huonyesha dawa:

- Kati ya fremu na ukuta: silikoni ya zamani imeachia, au ilipakwa juu ya vumbi.
- Kwenye kona za fremu yenyewe: viungo vya alumini havikuzibwa kiwandani au karakanani.
- Juu ya dirisha, kutoka kwenye lipu: ufa wa ukuta au wa linta, na fundi wa alumini hahusiki.
- Chini, ukutani ndani: kizingiti cha nje kimelala sawa au kimeinamia ndani. Hapa anahitajika mwashi atengeneze mteremko wa kwenda nje. Silikoni haishindani na mteremko.

Silikoni nayo ina kanuni zake. Ile yenye harufu kali ya siki hutoa asidi inapokauka, haifai kwa alumini wala haishiki vizuri kwenye saruji, hivyo iulizwe isiyo na asidi. Silikoni mpya haigandi juu ya ya zamani: ya zamani ikwanguliwe yote, mahali pasafishwe kwa spiriti na pakauke kabisa. Tepu ya karatasi ibandikwe pande zote mbili za mstari, silikoni ipakwe mara moja bila kukatisha, isawazishwe kwa kidole kilicholowa maji ya sabuni, na tepu itolewe kabla ngozi ya juu haijashika. Hukauka milimita 2 hadi 3 kwa siku, kwa hiyo mstari mnene uachwe siku kadhaa kabla ya kupimwa kwa maji. Rangi ya ukuta haishiki juu yake. Anayetaka mstari wa rangi ya ukuta achague kizibio kinachopakika rangi.

Dirisha linalogoma, kitasa, raba na wavu

Dirisha zito kusukuma kwa kawaida lina mchanga kwenye reli. Reli ifagiliwe, ifutwe, na ipakwe nta ya mshumaa au silikoni ya kupuliza. Mafuta ya mashine na grisi hukusanya vumbi na baada ya mwezi mmoja yanakuwa tope la kusagia tairi. Likiwa safi na bado linagoma au linainama upande mmoja, tairi hurekebishwa kwa skrubu iliyopo chini ubavuni mwa fremu inayoteleza, nusu mzunguko kwa kila jaribio.

Kitasa kisichokutana na tundu lake ni dalili ya jambo hilohilo: tairi zikisawazishwa, kitasa hurudi mahali pake. Visipokutana hata hapo, fremu ya nje ipimwe kwa futi kutoka kona hadi kona, mara mbili kwa msalaba. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, fremu imefungwa ikiwa imepinda, na kulegeza tundu la kitasa ni kuficha tatizo ambalo siku moja litapasua kioo. Fundi aifungue na kuifunga upya kwa pima maji.

Raba iliyochomoka hurudishwa kwa maji ya sabuni na mwiko wa mti. Isivutwe ili ifike kona, kwa kuwa itajikunja tena na kuacha nafasi. Ikiwa fupi, ibadilishwe kwa ndefu kidogo kuliko upande wake. Wavu wa mbu uliotoboka usizibwe kwa gundi: kamba ya mpira inayoushikilia hutolewa, wavu mpya ukakatwa na kubanwa upya, kazi ya muda mfupi.

Kwa nyumba za pwani, kutoka Tanga na Mombasa hadi Mtwara na Unguja, ukaguzi uongezewe skrubu. Skrubu za chuma cha kawaida kwenye alumini, penye hewa ya chumvi, huota kutu na kusababisha alumini inayozizunguka iliwe kwa unga mweupe. Zidaiwe za stenlesi tangu mwanzo, na fremu ziwe zinaoshwa kwa maji baridi mara kwa mara ili chumvi isitulie.

Nani anabeba gharama

Nguvu ya mwenye nyumba iko kwenye pesa ambayo bado hajalipa. Sehemu ya mwisho ya malipo ibaki mkononi mpaka ukaguzi umalizike, na jambo hilo lisemwe kabla ya kazi kuanza na kuandikwa kwenye makubaliano, pamoja na muda wa dhamana, aina ya kioo na unene wake. Fundi anayekataa kuandika hata karatasi moja amekwisha kujieleza.

Mgawanyo wa haki kwa kawaida ni huu: mikwaruzo iliyopo siku ya kufunga, fremu iliyopinda, matundu yaliyokosekana na viungo vinavyovuja ni juu ya fundi wa alumini. Saruji, rangi na cheche ni juu ya fundi aliyezimwaga. Mikwaruzo ya usafi ni juu ya aliyefuta. Ndiyo maana makabidhiano yafanyike siku madirisha yanapofungwa, kabla mafundi wengine hawajaingia, pande zote mbili zikitia sahihi. Bila karatasi hiyo kila fundi atamtaja mwenzake.

Ujumbe mfupi wa heshima, wenye picha, hufanya kazi kuliko ugomvi wa simu. Kwa mfano: "Habari za kazi, fundi. Dirisha la chumba cha watoto lina ufa kutoka kona ya chini kulia, na la sebuleni halina matundu ya maji. Picha hizo hapo. Naomba uje kabla ya Jumamosi tulimalize, na salio lako liko tayari." Ujumbe huo unataja kasoro, mahali, siku na pesa, na unabaki kwenye simu kama kumbukumbu.

Fundi asipotokea baada ya kukumbushwa kwa maandishi, hatua zinazofuata ni hizi:

1. Kumpa siku ya mwisho kwa maandishi, na kueleza kwamba kazi itapewa mtu mwingine kwa gharama ya salio lake.
2. Kupata makadirio ya maandishi kutoka kwa mafundi wawili wengine, ili makato yasionekane ya kubuni.
3. Kutengeneza, kutunza risiti na kipande cha kioo au raba iliyotolewa, na kulipa kilichobaki kwenye salio.
4. Kwa aliyekwisha kulipa chote, kupeleka madai kwenye vyombo vya sheria akiwa na makubaliano, picha na risiti. Nchini Kenya, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili.

Kasoro inayoongezeka kila siku, kama ufa au maji yanayoharibu lipu, isisubiri mabishano yaishe. Ipigwe picha vizuri, itengenezwe, na hesabu ifuate baadaye.